Kengele Ilikuwa Mkononi Mwangu

Mwanangu Zuhura,

Salamu zangu unazo tangu asubuhi, uliponiamkia shikamoo nami nikaitikia huku nimekupa kisogo, najifanya napuliza moto. Sizirudii hapa. Mimi mzima, ila nimechoka, na si uchovu wa leo. Wewe umekwenda Nangurukuru kuulizia gari la Lindi na kuweka nafasi ya kesho, utarudi jua likizama. Mwanao Ajena amelala hapa mkekani, kisigino chake kimegusa goti langu, na karatasi nimeiweka juu ya sanduku lako ulilolifunga kamba jana.

Usinicheke mwandiko. Herufi hizi nimezipata ukubwani, darasa la kisomo, na jioni wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono ukisema, "Mama, hiyo umeigeuza tena." Leo hakuna wa kunisahihisha. Zikigeuka, zisome hivyohivyo.

Utajiuliza, mtu anamwandikiaje barua mtu anayelala naye nyumba moja? Nimejaribu kusema kwa mdomo wiki hii mara tatu. Mara ya kwanza akaingia mgeni. Mara ya pili machozi yakanitoka mapema nikasingizia moshi. Mara ya tatu nikakugombeza kwa ajili ya sufuria isiyosuguliwa, ukaniangalia ukaona mama yako amezeeka vibaya. Kumbe sufuria haikuwa na kosa lolote.

Mambo ya safari siyasemi. Kufunga mzigo unajua, kupika unajua, kujisitiri unajua, na mjomba wako wa Lindi unamjua kwa makelele yake. Usilolijua mpaka umri huu, mimi sitaweza kukufundisha leo alasiri.

Nataka kusema juu ya shubiri.

Jana asubuhi nilikuona nyuma ya jiko. Ulikuwa umekalia kinu kilicholazwa, umefungua kifua, unajipaka shubiri kwenye titi kwa kidole. Ajena akaja akashika, akakunja uso wote, akaangua kilio. Ukampa upande wa pili, nao umeupaka. Ulikuwa unalia na wewe, kimyakimya, kamasi zinakutoka. Mtoto wa miezi saba, Zuhura! Nikarudi ndani taratibu usinione. Nilipaswa kuja kukunyang'anya ile shubiri niitupe porini. Sikuja.

Sikuja kwa sababu nilikwisha kubali. Siku ile barua ya kiwanda ilipofika tulifurahi sote, tukapiga vigelegele viwili vya haraka. Kiwanda kipya cha kubangulia korosho, na wewe kwa kuwa umemaliza la saba unapewa usimamizi wa zamu ya wanawake, ushike daftari lao. Halafu ukasoma mstari wa chini. Ukaniambia, "Mama, wamesema saa moja kamili getini, kutoka saa tisa. Katikati hamna ruhusa." Nikakuuliza, "Na Ajena?" Ukajibu bila kuniangalia, "Abaki kwako. Kwako atapona. Mimi mkono wangu si wa kulea, wewe mwenyewe unajua."

Nami nikasema, "Haya."

Haya hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Maana nilijua kwa nini umesema mkono wako si wa kulea. Nilijua nani aliyekutia neno hilo. Tena nilifurahi, nikuambie kweli, nilifurahi. Baba Ajena alikupa talaka tumbo likiwa kubwa, wewe unakwenda Lindi, marehemu baba yako hayupo, na mimi nitabaki na kuku wanne na nyumba. Nikaona Mungu kanipa mtoto wa kulala naye. Nikameza mate nikasema haya.

Sasa tulia unisikilize. Nakupeleka nyuma kidogo, wakati ule wewe una miaka kumi.

Tulikuwa tumehamia kijijini hapa si muda mrefu. Kabla ya hapo kila mtu alikaa kwenye mji wake, katikati ya mikorosho yake, jirani unamsikia akikohoa tu. Tulipohamia, mikorosho haikuhama, ndiyo maana baba yako akawa anakaa kule kwetu upande wa Kikole kuilinda, anarudi Alhamisi jioni aswali Ijumaa, Jumamosi anaondoka. Nyumbani nilikuwa mimi, wewe, na mdogo wako Hamisi aliyekuwa bado ananyonya.

Shamba la kijiji mwanzoni tulililima kwa ngwe. Unakumbuka? Asubuhi mzee wa shamba anapima kwa fimbo, kila mmoja anapewa kipande chake. Ukimaliza ngwe yako, umemaliza siku yako. Hakuna aliyeuliza umekuja saa ngapi. Fatu wa nyumba ya pili, huyu unayemwita mama mdogo, alikuwa na mtoto wa kunyonya kama mimi. Yeye alianza jua limekwisha panda, mtoto kashiba, uji umepikwa. Anapiga jembe, anarudi kunyonyesha, anakuja tena. Alasiri sana ndipo anamaliza, na ngwe yake ilikuwa safi kuliko zetu sote. Ala, Fatu yule! Nilikuwa namwonea wivu mpaka nyasi alizong'oa.

Ndipo akaja mgeni mmoja kutuhutubia. Akasema ngwe ni mambo ya mashamba ya mkonge, mambo ya enzi ya kutawaliwa, kila mtu kivyake na kipande chake. Sisi sasa ni ndugu, twende pamoja, turudi pamoja. Maneno mazuri, na mimi niliyaamini, mpaka leo siyakatai. Wanaume wakadakia, wakasema hasa wanawake, wanakuja shamba kama wanakwenda kisimani, huyu saa mbili, huyu saa nne. Ikaamuliwa itundikwe kengele. Ile rimu ya lori iliyokuwa imetupwa barabarani ikaletwa, ikafungwa kwa mnyororo kwenye mkorosho wa njia panda. Ikilia mara ya kwanza, wote shambani. Ikilia saa sita, pumziko. Mwenyekiti akauliza nani ataigonga.

Nikanyoosha mkono.

Usiniulize ujasiri ule niliupata wapi. Nilikuwa mwanamke ambaye hata mkutanoni nakaa nyuma kabisa karibu na mbuzi. Lakini nilikuwa naweza kuandika majina kwa herufi za Kiarabu nilizosoma chuoni, na daftari la mahudhurio lilitaka mtu wa kuandika. Zaidi ya hayo, nilitaka nionekane. Nilitaka siku moja nipige chuma na watu wazima wainuke, wanaume na ndevu zao. Wakanipigia makofi. Nikasikia joto mpaka masikioni.

Fatu akasimama na mtoto mgongoni, akauliza, "Na sisi tunaonyonyesha?" Watu wakanitazama mimi, kwa kuwa sasa mimi ndiye mwenye kengele. Na mimi, nikiwa na Hamisi mapajani, ananyonya hapohapo mbele ya watu, nikajibu, "Watoto wana dada zao."

Wanaume wakacheka wakasema, Somoe kamaliza. Neno hilo likawa sheria ya kijiji. Halikutoka wilayani wala kwa mwenyekiti, lilitoka kinywani mwangu.

Na dada wa Hamisi ulikuwa wewe. Ukaacha kwenda shule. Mwalimu alituma mtoto kuuliza, nikamwambia Zuhura anaumwa. Akatuma tena, nikasema bado anaumwa. Ulikuwa unasimama mlangoni na Hamisi mgongoni, miguu yake karibu iburuze chini, unawatazama wenzako wakipita na vibao vyao. Hukuwahi kulalamika. Laiti ungelalamika, labda ningekupiga, lakini labda ningesikia.

Kugonga kengele kuna taabu yake. Mwingine akichelewa anaandikwa hakuja, yamekwisha. Mgongaji akichelewa, kijiji kizima kimechelewa. Kwa hiyo niliamka kabla ya jogoo, namnyonyesha Hamisi akiwa usingizini, nusu anavuta nusu analala, kisha naondoka. Maziwa yakinijaa shambani nayakamulia kwenye udongo. Wanawake wenzangu wananiona, nami nafanya uso mkavu. Ningewezaje kuomba ruhusa niliyowanyima wao?

Ajena ameamka. Ngoja.

Nimempa uji, kauchezea tu. Ameniparua kifua akitafuta, masikini, hapa hamna kitu tangu zamani. Nimemweka mgongoni, naandika nimeinama. Mstari ukipanda ukishuka, ni yeye anarusha miguu.

Siku ninayotaka kukuambia, tulikuwa tunapalilia ufuta. Jana yake Fatu aliniomba aende nyumbani, mwanawe anaharisha. Nikamwambia asubiri kengele. Akaweka jembe chini akaondoka bila kunijibu, nami nikamwandika hakuja, ijapokuwa alikwisha lima nusu siku. Kesho yake amekuja, amenuna, analima mstari wa pembeni yangu. Wanawake wote walikuwa wananitazama waone nimekuwa mtu gani.

Kama saa nne hivi nikakuona unakuja. Ulikuwa unakimbia peke yako, kitambaa kimekuvuka kichwani. Nikatoka haraka nikakufuata pembezoni, nisiulizwe na watu. Sasa Zuhura, hapa soma polepole. Soma mara mbili.

Ulisema, "Mama, Hamisi anachemka. Kanyonya kidole tangu asubuhi sasa hataki. Macho yake yanakwenda juu. Njoo, Mama."

Ulisema yote. Hukusahau hata moja. Ulikuwa na miaka kumi na ukasema kama mtu mzima. Nami nikageuka nikaona majembe yamesimama, nikamwona Fatu ananitazama. Nikakuambia, "Mpe maji, mpanguse kwa kitambaa. Kengele ikilia nakuja." Ukasimama. Ukasema tena, "Mama, njoo." Nikakukemea. Ukarudi mbio.

Kengele ikilia nakuja! Kengele gani? Mgongaji ni mimi. Chuma kilikuwa pale pale chini ya mkorosho, hatua mia hazizidi. Ningeweza kukipiga wakati ule ule nikasema nina mgonjwa, na kama wangenicheka wangecheka. Kengele ilikuwa mkononi mwangu, mwanangu, na mimi nikaingoja kama inapigwa na serikali.

Ulipokuja mara ya pili ulikuwa umembeba. Degedege lilikwisha mkamata, amekaza mikono. Nilitupa jembe. Tukakimbia njia ya zahanati, mimi, wewe, na Fatu nyuma yetu, Fatu yule niliyemwandika hakuja. Hatukufika mbali. Unajua tulipoishia, pale penye mchanga mwekundu, tunapapita kila siku na wewe huwa unageuza uso.

Hayo ya kifo ni ya Mungu. Homa ile huenda ingemchukua hata kama ningekimbia mara ya kwanza, huenda isingemchukua. Sitajua, na nimechoka kuuliza. Lakini yaliyofuata si ya Mungu, ni yangu.

Tulipokaa matanga, wanawake wakauliza kama kawaida, ilikuwaje? Nilikuwa nimejifunika, wewe umekaa karibu na mlango na kikombe cha maji mkononi, hujaambiwa umpe nani. Nikasema, "Zuhura alikuja akaniambia mtoto analia tu. Hakuniambia ana homa."

Nilisema hivyo. Sikuchanganyikiwa, ingawa baadaye nilijiambia ni uchungu ulinichanganya. Nilijua ninasema nini. Niliona ukinitazama. Ukafungua mdomo, ukaufunga. Mtoto wa watu anamsikia mama yake anasema hakusema, naye anajua alisema, atamwamini nani? Ulianza kujitilia shaka hapohapo, nikakuona, nikakuacha.

Fatu alikuwa amekaa mkeka huo huo. Siku ile shambani alikuwa mstari wa pembeni, na sauti yako alikuwa ameisikia. Hakunikanusha mbele ya watu. Aliinuka akakupokea kikombe, akakuweka kichwa mapajani kwake. Nikamchukia kwa miaka, bure kabisa.

Baba yako alipofika aliambiwa hadithi yangu. Akakuita, akakupakata na ukubwa ule, akasema, "Mwacheni mtoto, alikuwa hajui." Watu wakasema Alhamdulillahi, baba ana moyo. Ukasamehewa mbele ya kijiji kizima kosa usilolifanya, na mimi nimekaa nasikiliza, nafuta pua kwa ncha ya kanga. Alikufa anaamini hivyo. Kwake siwezi tena kurekebisha.

Mwaka uliofuata Fatu alisimama tena mkutanoni, akaomba wanaonyonyesha warudishiwe ngwe. Waanze wanapoweza, wamalize kipande chao, mradi kazi iishe. Nikanyoosha mkono kumuunga. Watu wakasema, mwenye msiba ameona. Nikapokea na sifa hiyo pia! Ikapitishwa, na nikuambie, hakuna kilichoharibika. Ufuta ulipaliliwa, watoto walinyonya, rimu ikaendelea kulia kwa wanaohitaji kuamshwa, na mpaka leo anayeigonga ni mimi. Wale wanaume waliopiga kelele hawakukumbuka hata walipinga nini. Wewe ukarudi shule, umechelewa mwaka mzima, ukasoma na waliokuwa wadogo kwako.

Lakini sikukuambia. Kila mwaka nilisema mwakani. Nikakuona unakua hushiki mtoto wa mtu. Jirani akikupa mwanawe umshikie, unaweka mikono nyuma. Alipozaliwa Ajena ndipo nikaona kazi niliyoifanya. Usiku unaamka unamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, unalala, unaamka unamgusa tena. Hata leo kabla hujaondoka umemgusa mara nne, umefika kwenye mnazi umerudi ukamgusa ya tano. Na bado unaniambia mkono wako si wa kulea. Wallahi, Zuhura, sijaona mkono wa kulea kama huo. Ningekuwa nao mimi siku ile, ungekuwa na mdogo wako wa kukusindikiza kesho.

Wiki iliyopita Fatu alikuja kuazima chekeche. Akakuona unamwachisha Ajena, akanifuata jikoni. Miaka yote hakuwahi kugusa jambo lile. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Somoe, hii ya pili nayo utaimeza?" Kisha akachukua chekeche akaenda zake. Tangu hapo chakula hakinipiti vizuri.

Basi nasema. Hukuchelewa. Hukukosea. Ulisema na mimi nilisikia. Nilikusingizia kwa sababu niliona haya mbele ya watu, na wewe ulikuwa mdogo wa kutosha kubebeshwa. Sikuombi unisamehe kesho. Kesho una gari la kuwahi. Nisamehe ukiweza, siku utakayoweza, na usipoweza nitajua nimekupa sababu.

Sasa hiyo kazi. Utashika daftari la wanawake wanaobangua, mikono imeungua mafuta ya korosho, wengine wana watoto wachanga nyumbani. Yule anayefika saa mbili badala ya saa moja, mwulize kwanza ametoka wapi. Mimi sikuuliza. Wanavyosema, pale kila mbanguaji ana kiasi chake cha siku. Kama ni hivyo, basi hiyo ni ngwe, jina tu limebadilika. Nenda kwa mkubwa wako, mwambie wenye watoto wa kunyonya waanze wakishanyonyesha, watoke saa nne wakanyonyeshe, warudi, wamalize kiasi chao hata kama ni saa kumi na moja. Mwambie umeona kwa macho yako kijijini kwenu na kazi haikulala. Atakataa huenda. Mwambie tena kesho yake. Na anza kujiombea wewe mwenyewe, siku ya kwanza, kabla hujaandika jina la mtu hata mmoja. Mimi nilidhani kiongozi mwema ni yule asiyejiombea kitu. Kumbe niliposhindwa kujiombea mimi, ndipo nilipowafungia mlango wote.

Utasema, na saa zile niko ndani, mtoto atakaa na nani? Nimekwisha tuma salamu kwa mjomba wako kwa dereva wa lori la juzi, na majibu yao ya maandishi yamerudi leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Mkewe yuko nyumbani kutwa, anakaanga maandazi barazani, na kutoka pale mpaka getini kiwandani ni mwendo wa kumaliza andazi moja. Anasema atamleta Ajena saa nne kila siku, mvua isipozidi. Anasema pia usimletee masihara ya shubiri. Nilificha majibu hayo kutwa nzima. Mpaka hapa ninapoandika nilikuwa bado najibishana na nafsi yangu kama niyachome motoni nibaki na mtoto.

Sijayachoma. Yamo ndani ya barua hii, yakunjue uyasome.

Ile shubiri nimeitupa. Usiitafute. Jipanguse kwa maji ya vuguvugu na mafuta ya nazi kidogo, usiku mmoja uchungu utaisha. Mbeleko nyekundu niliyokubebea wewe, na niliyombebea Hamisi, nimeifua, imekauka, nimeiweka juu ya sanduku. Barua hii nitaikunja ndani yake. Ukikunjua mbeleko utaiona, na usipoikunjua nitakuwa nimeandika bure.

Kesho sitakuamsha, na sitakaa mlangoni nikulilie. Fatu atakuja alfajiri, nimemwomba, atakuwa humu ndani. Ukiamua kumwacha Ajena, mpe yeye, nami nitamchukua nikirudi, nitamlea kwa roho yangu yote, na sitakulaumu kwa neno wala kwa jicho. Umenisikia? Hilo ni lako kuamua. Lakini uamue ukijua ukweli, si uwongo wangu.

Mimi nitakuwa chini ya mkorosho, penye rimu. Njia ya Nangurukuru inapita pale pale. Watu watakuwa wamekwisha amka, wanangoja na majembe mabegani, wanauliza Somoe ana nini leo, jua linapanda. Acha waulize. Nitakishika chuma mkononi, na sitakipiga mpaka upite, niuone mgongo wako.

Mama yako,
Somoe